Waraka wa 1957 wenye sahihi ya Mwalimu: nitajuaje kama ni mkono wake mwenyewe?

binti_wa_Lushoto:

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Babu yangu mzaa mama alikuwa katibu wa tawi la TANU huku kwetu milimani kabla ya Uhuru. Juzi bibi ameturuhusu tufungue kasha lake la bati ambalo miaka yote lilikaa chini ya kitanda. Mna stakabadhi za ada, kadi za uanachama ambazo hazijaandikwa majina, daftari lililoliwa na wadudu na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyopigwa chapa, ya mwaka 1957. Inaanza "Kwa makatibu wote wa matawi", na chini ina sahihi ya J. K. Nyerere. Chini ya sahihi kuna mistari miwili ya mkono, wino wa bluu, ila imepauka na sijaweza kuisoma yote.

Niliweka picha kwenye status ya WhatsApp. Kesho yake akanitafuta jamaa mmoja wa Dar, anasema ananunua sahihi za viongozi. Bei aliyonitajia imenitikisa kweli. Lakini anataka nikate kile kipande chenye sahihi tu nimtumie, karatasi nibaki nayo. Pia kanitumia picha ya barua anayouza yeye: ya Juni 1964, kichwa cha karatasi kimeandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, imetumwa kwa Mkuu wa Mkoa, chini sahihi ya Rais. Anasema nikipenda tubadilishane.

Dada yangu anashauri tuipeleke steshenari ipigwe laminesheni isiharibike zaidi.

Naomba mnisaidie: sahihi ya kwenye karatasi ya babu ni ya mkono kweli? Na barua ya huyo jamaa ikoje? Mimi mambo haya yameanza kuniingia, nimetamani hata kuanza kukusanya barua za viongozi na majenerali wa zamani, ila sijui pa kuanzia.

Karani_wa_Masjala:

Marahaba binti. Kabla ya yote: usikate, usipige laminesheni, na huyo jamaa usimjibu kwanza.

Nimefanya kazi masjala tangu zama za taipureta, Tanga na baadaye Dodoma. Tangu nilipostaafu nakusanya barua zenye sahihi, za viongozi na za wanajeshi, wa kwetu na wa nje. Kwa hiyo hapa umenigusa penyewe, na nitaandika kwa kirefu.

Nianze na laminesheni maana hiyo ndiyo hatari ya leo hii. Mashine ile inayeyusha gundi ya plastiki kwa moto na kuikandamiza ndani ya nyuzi za karatasi. Ikishaingia haitoki. Karatasi itaendelea kuoza humo humo ndani na hakuna fundi wa nyaraka atakayeweza kuifikia tena. Najua kila nyumba ina cheti kilicholaminishwa ukutani, na kwa cheti cha darasa la saba ambacho nakala yake ipo mahali pengine, sawa. Kwa karatasi iliyo moja tu duniani, hapana kabisa. Selotepu nayo ni hivyo hivyo: baada ya miaka inageuka njano, gundi inazama na kuacha doa la mafuta.

Sasa sahihi. Karatasi inayoanza "Kwa makatibu wote wa matawi" haikuandikwa kwa babu yako peke yake. Ni waraka, na nyaraka za namna hiyo miaka ile zilitolewa kwa stensili. Vijana hamjaiona stensili, basi nieleze. Ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Mpiga chapa aliondoa utepe wa wino kwenye taipureta, herufi zikagonga nta moja kwa moja na kuitoboa. Kiongozi alipotaka kutia sahihi alipewa kalamu ya chuma isiyo na wino, akaandika juu ya ile stensili iliyowekwa kwenye kibao kigumu, nta ikakwanguka. Kisha stensili ikafungwa kwenye mashine, Gestetner ndizo zilizokuwa nyingi, wino ukapita kwenye matundu, zikatoka nakala mia na zaidi. Kila nakala ina "sahihi". Mkono wa kiongozi uligusa stensili, haukugusa karatasi yako.

Ndiyo maana nakuomba uitazame vizuri mchana, karibu na dirisha, bila kuishika kwa vidole vyenye mafuta. Tazama kama wino wa sahihi na wino wa maneno ya taipu ni mmoja, weusi ule ule. Tazama mstari wa sahihi: kalamu ya wino hunenepa ikishuka na kukonda ikipanda, kalamu ya stensili hutoa mstari wenye unene mmoja, na pengine umekatika katika pale ambapo uzi wa karatasi haukutoboka. Geuza nyuma upitishe mwanga wa tochi kwa ubavu, karibu ulale juu ya karatasi. Kalamu ya mkono huacha mkandamizo. Na karatasi yenyewe, je, ina manyoya manyoya kama ya kunyonya wino? Hiyo ndiyo karatasi ya mashine ya nakala.

Hata ikiwa ni stensili, usivunjike moyo. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimzuia Nyerere kwa miezi kadhaa asihutubie mikutano ya hadhara. Kiongozi asiyeruhusiwa kupanda jukwaani, sauti yake inafika vijijini kwa karatasi kama hiyo uliyoishika. Nyaraka hizo zilisomwa, zikapitishwa mkono kwa mkono, nyingine zikafungiwa sukari. Zilizobaki ni chache.

Kuhusu barua ya huyo jamaa, ondoa macho kwenye sahihi, soma kichwa cha karatasi. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Nchi ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilipitishwa tarehe 29 Oktoba 1964. Sasa mwezi Juni, karatasi rasmi ya serikali yenye jina ambalo nchi ilikuwa bado haijapewa ilitoka wapi? Ofisi hutumia karatasi za zamani baada ya jina kubadilika, hilo nimeliona mara nyingi, maboksi yalikuwa hayatupwi. Lakini karatasi za jina lijalo, hakuna masjala iliyowahi kuwa nazo.

Na nikupe la pili la namna hiyo: Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, akashika Kawawa, naye akarudi kama Rais Desemba mwaka huo huo. Ukiletewa barua ya Machi 1962 yenye sahihi yake na cheo cha Waziri Mkuu, mrudishie mwenyewe.

Swali langu kwako: kwenye picha aliyokutumia, pembe ya juu kushoto pana tundu? Na kuna namba imezungushiwa duara pembe ya kulia?

Mzawa_wa_Mwanza:

Mzee Karani ameeleza vizuri. Mimi si mkusanyaji, lakini hapa kwetu Mwanza kuna kisa kinachohusu karatasi zenye sahihi ya kamanda, nacho naona kinafaa.

Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari wake weusi walidai mishahara, hela hazikuwepo, wakapewa vyeti vya kuonyesha wanachodai. Miaka ikapita. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliofariki jenerali huyo akiwa na miaka 93, bunge la Ujerumani Magharibi likaamua askari walio hai walipwe. Dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza. Walikuja wazee kama 350. Waliokuwa bado na vyeti vyao walikuwa wa kuhesabika. Wengine walileta vipande vya sare. Inasimuliwa kwamba aliyekuja na fedha alimpa kila asiye na cheti ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani abebe silaha, ainue, ashushe. Wote walikumbuka.

Marehemu baba alitusimulia hili mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kuuliza vile vyeti vingine viliishia wapi. Miaka 46 ya mvua, kuhama, mchwa. Huenda kuna mtu humu ana karatasi ya Kijerumani kwenye mkoba wa babu yake na hajui ni nini. Mkiikuta msiitupe.

binti_wa_Lushoto:

Asanteni sana wote, hasa mzee wangu Karani. Nimefanya ulivyoniagiza.

Wino wa sahihi ni ule ule wa taipu. Mstari una unene mmoja, na kwenye herufi N umekatika mahali pawili. Nyuma hakuna mkandamizo wowote, isipokuwa pale kwenye ile mistari miwili ya bluu, hapo nikipitisha kidole nausikia kabisa. Karatasi ina manyoya.

Kwa hiyo ni stensili. Sitaficha, nimehuzunika kidogo. Ila ile mistari ya bluu nimeisoma zaidi kwa mwanga wa ubavu: inaanza na jina la babu! "Ndugu" halafu jina lake, halafu anaambiwa aje na daftari la ada, siku ya... hapo siku haisomeki. Mwisho kuna sahihi fupi, herufi mbili tatu tu.

Kwenye barua ya yule jamaa, ndiyo, lipo tundu pembe ya kushoto na kuna namba 47 ndani ya duara kwa kalamu nyekundu. Pia kuna mhuri wa "Imepokelewa". Ina maana gani?

Karani_wa_Masjala:

Vizuri sana, una jicho la kazi hii.

Tundu lile ni la kamba ya jalada. Namba nyekundu ni ya folio: karani wa masjala alipoingiza barua kwenye jalada aliipa namba yake kwa mfuatano, ya 46 iko chini yake na ya 48 juu yake. Mhuri unaonyesha imefika ofisi gani na lini. Elewa jinsi karatasi zilivyosafiri. Mwandishi alipiga chapa barua na nakala ya kaboni kwa pamoja. Ile yenye sahihi ilikwenda kwa mpokeaji, nakala ikabaki kwenye jalada la aliyetuma. Sasa mpokeaji akiwa ni mtu, barua yenye sahihi ni yake na ya watoto wake. Mpokeaji akiwa ni ofisi, ile barua iliishi ndani ya jalada la serikali, na ni kumbukumbu ya umma, tena tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inayozilinda.

Kwa hiyo barua ya jamaa yako ina njia mbili tu. Ama ni ya kughushi, na aliyeghushi aliwahi kuona jalada halisi akaiga tundu na namba, na kichwa cha karatasi ndicho kilichomsaliti. Ama kuna karatasi ya kweli iliyochomolewa kwenye jalada na kubandikwa mambo. Kwa vyovyote vile usiiguse. Nimeona majalada ambayo folio zinaruka kutoka 31 hadi 35 na hakuna anayejua zilikokwenda. Kila namba inayoruka ni swali ambalo mtafiti wa kesho hatalipatia jibu, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa kuhusu kukata. Desturi hiyo ni ya zamani, Waingereza na Wamarekani wa karne ya 19 walikata sahihi na kuzibandika kwenye albamu, barua zikatupwa. Leo wakusanyaji wanalia. Kipande chenye jina tupu hakina tarehe, hakina mpokeaji, hakina karatasi ya kutosha kupimwa, na mghushi hupenda hicho hicho kipande kwa sababu hizo hizo. Ukikata wako utakuwa umeharibu waraka kamili wa 1957 ili upate jina la stensili lenye ukubwa wa stempu tatu. Na mnunuzi anayekuomba ukate, mimi simwamini hata kidogo.

Umesema unataka kuanza kukusanya. Nitakuambia ninachokipenda katika kazi hii, halafu utaamua. Barua yenye sahihi ni mwili wa mtu. Chukua Nelson, yule amiri jeshi wa majini wa Uingereza. Julai 1797 alipigwa risasi Tenerife, mkono wa kulia ukakatwa. Siku chache baadaye alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Barua zake zimegawanyika hapo katika sehemu mbili: kabla ya Tenerife mwandiko mwepesi wa mtu aliyezoea kalamu, baada ya hapo herufi kubwa kubwa, zinasukumwa, hadi polepole zinatulia. Akiwa na mkono mmoja akaandika hadi alipouawa Trafalgar, Oktoba 1805. Jina Bronte kwenye sahihi yake linaanza baada ya Mfalme wa Napoli kumpa cheo cha Duke wa Bronte mwaka 1799. Mtu akikuletea barua ya Nelson ya 1796 yenye mwandiko wa kushoto, au ya 1795 yenye Bronte, kazi imekwisha kabla hujanunua hata darubini.

Napoleon ni hivyo hivyo. Ujanani alitia sahihi Buonaparte, 1796 akaiacha ile u ikawa Bonaparte, alipokuwa mfalme mkuu 1804 ikawa Napoleon, na kadiri vita na kazi zilivyozidi jina likafupika: Nap, Np, mwisho N na mkwaruzo. Barua zenyewe aliwatamkia makarani wakaandika, yeye akatia sahihi tu. Ni za kweli, lakini bei yake haiwi sawa na barua ambayo mtu ameiandika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Hii tofauti iweke kichwani: iliyoandikwa yote kwa mkono wake, iliyoandikwa na karani yeye akatia sahihi, na ile ambayo hata sahihi si yake.

Ya tatu ni nyingi kuliko unavyodhani. Hati za ardhi za Marekani zenye majina ya marais zimejaa kwenye minada ya intaneti. Hadi 1833 rais alitia sahihi mwenyewe, wakati wa Andrew Jackson, kazi ikawalemea, sheria ikaruhusu mwandishi wake aandike jina la rais. Hati ya baada ya hapo ni ya kweli na jina la rais lipo, ila mkono wake haukuigusa. Churchill alipopokea salamu nyingi za siku ya kuzaliwa alijibu kwa kadi zilizochapwa kutokana na mwandiko wake, watu hadi leo wanaziweka kwenye fremu wakidhani aliwaandikia wao. Kennedy alitumia mashine yenye kalamu inayoiga sahihi yake. Hizo za mashine unazigundua kwa kulaza sahihi moja juu ya nyingine: zikilingana nukta kwa nukta ni mashine, maana binadamu hawezi kutia sahihi mara mbili zikafanana kabisa.

Sitaki uogope, nataka uwe na utaratibu. Nunua kwanza vitu vidogo: hati ya mkuu wa wilaya, barua ya afisa asiye maarufu. Bei hufuata uhaba kuliko umaarufu. Button Gwinnett, nani anamfahamu? Ni mmoja wa wale 56 waliotia sahihi Azimio la Uhuru la Marekani. Alikufa kwa pambano la bastola mwaka 1777, hata mwaka haujaisha tangu azimio lile, akaacha sahihi chache. Anayetaka kukamilisha seti ya wote 56 lazima ampate yeye, na mwaka 2010 moja iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya dola 700,000. Lettow-Vorbeck aliyetajwa na ndugu yetu wa Mwanza aliishi hadi 1964 akitia sahihi picha na vitabu, kwa hiyo picha yake yenye sahihi haiwezi kuwa na bei ya kutisha. Lakini kimoja cha vile vyeti vya askari, kikiwa bado mikononi mwa familia yake pamoja na jina la askari mwenyewe, mimi ningekithamini kuliko picha zote hizo.

Vifaa usinunue vya gharama. Kioo cha kukuzia, tochi, na ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka wanakagulia noti bandia. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya 1950 zimetiwa dawa ya kung'arisha, chini ya taa hiyo zinawaka bluu nyeupe. Barua ya 1918 ikiwaka hivyo, si ya 1918. Ile kashfa ya shajara za Hitler, 1983, gazeti la Stern likatoa zaidi ya marka milioni tisa kuzipata, iliangushwa na kitu kama hicho: wapimaji walikuta kwenye karatasi dawa ambayo haikuwepo alipokufa. Na sikiliza hili, maana ndilo la kujifunza kuliko dawa: wataalamu wa mwandiko walikuwa wamekwisha kusema ni mkono wake. Walilinganisha na sampuli, lakini baadhi ya sampuli nazo zilikuwa zimeandikwa na mghushi yule yule, Konrad Kujau. Ukilinganisha sahihi, chukua mfano kutoka hifadhi ya nyaraka ya taifa au chuo, kamwe usichukue kutoka kwa muuzaji.

Jaribu na mkunjo pia. Barua halisi iliandikwa kwanza, ikakunjwa baadaye. Pale kalamu inapovuka mkunjo, mstari unapaswa kuwa safi, au umepasuka pamoja na karatasi. Ukikuta wino umesambaa ndani ya ufa wa mkunjo kama maji kwenye kitambaa, ujue karatasi ilikuwa imekwisha kukunjwa ndipo mtu akaandika. Mghushi hupenda karatasi tupu za zamani, huzichana kwenye kurasa za mwisho za vitabu, na mikunjo na mipasuko anaikuta tayari.

Nuru_wa_Kisauni:

Shikamoo mzee Karani. Naandika kutoka Mombasa, nimeusoma uzi huu wote kwa furaha.

Naongeza ya kwetu. Hii hesabu ya majina na miaka inafaa sana kwa Mzee Kenyatta. Alibatizwa Johnstone Kamau mwaka 1914. Akiwa mhariri wa gazeti la Muigwithania 1928, na alipokwenda London 1929, alikuwa Johnstone Kenyatta. Jomo anaonekana 1938 na kitabu chake. Nilishaonyeshwa "barua ya 1930" yenye Jomo Kenyatta kwa maandishi ya madaha, na muuzaji akakasirika nilipomuuliza swali hilo tu. Mobutu ni vilevile: hadi mwishoni mwa 1971 ni Joseph-Désiré, Sese Seko linaanza Januari 1972.

Dada wa Lushoto, ukija Nairobi nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Humo kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Yule mtu alikusanya vitabu, stempu, sanaa na karatasi kwa mapenzi, akaona yabaki nchini badala ya kuuzwa vipande vipande nje. Kila nikipita pale naingia. Ukiona mkusanyo wa mtu mmoja umekaa pamoja, unaelewa alikuwa anatafuta nini maishani.

Na kuhifadhi kwa sisi watu wa pwani: chumvi na unyevu ni adui. Pini za chuma na klipu zitoe zote, zinapiga kutu na kutoboa karatasi. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, ile ya faili za bei rahisi, inanata na kunyanyua wino. Tafuta plastiki ngumu ya poliesta, isiyo na harufu, au tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi. Usiweke ukutani penye jua, tundika nakala.

Swali kwa mzee: hizi barua za Kiarabu za zama za masultani wa Unguja, sahihi zake unazisomaje? Nyumbani kuna moja ya babu wa babu.

Karani_wa_Masjala:

Marahaba mwanangu. Hilo la klipu ulilolisema ni kweli tupu, nimeng'oa kutu nyingi.

Barua za Kiarabu za Unguja kwa kawaida ziliandikwa na karani mwenye khati nzuri, na mwenye barua akaongeza maneno machache ya kuthibitisha kwa mkono wake mwenyewe, pengine na mhuri. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo khati inabadilika: juu nzuri, iliyonyooka, chini ghafla ya haraka. Hapo chini ndipo alipo mwenyewe. Ukitaka kulinganisha, Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani wana barua za Kiarabu za zama za Sayyid Barghash na wengine. Chukua picha nzuri ya barua yako uende nayo, barua yenyewe iache nyumbani. Wala usiiloweshe wala kuipiga pasi ili inyooke.

Kuna Mfaransa mmoja ambaye habari yake huwa nawaambia wote wanaoanza. Michel Chasles, mtaalamu mkubwa wa hisabati, katika miaka ya 1860 alinunua kutoka kwa mtu aitwaye Vrain-Lucas barua zaidi ya 27,000. Zilikuwamo za Pascal, mwanasayansi wa Kifaransa wa karne ya 17, na pia za Aleksanda Mkuu, za Kleopatra, za Maria Magdalena. Zote kwa Kifaransa. Mghushi alifungwa 1870. Chasles alikuwa na akili kutushinda sisi sote humu, lakini alitamani Pascal awe wa kwanza kugundua sheria ya uvutano mbele ya Newton, na muuzaji alijua anachokitamani. Mteja anayeonyesha kiu yake anapimiwa uongo wa saizi yake. Ndiyo maana, binti wa Lushoto, yule jamaa aliposikia unapenda habari za Mwalimu alikuwa na "barua ya Rais" tayari siku ya pili.

binti_wa_Lushoto:

Nimemjibu jamaa kwamba siuzi na sibadilishani. Nilimuuliza tu kuhusu jina Tanzania na mwezi Juni. Amenizuia, picha yake siioni tena.

Mzee wangu, swali la mwisho. Basi ule waraka tuufanyeje? Mjomba mmoja bado anasema kama sahihi si ya mkono hauna maana.

Karani_wa_Masjala:

Mwambie mjomba kwa heshima kwamba amekosa kuona kilichopo. Waraka wa stensili ulitumwa kwa matawi mengi. Lakini mtu fulani, pengine katibu wa jimbo au wa wilaya, alichukua nakala hii moja, akafungua kalamu yake ya bluu, akamwandikia babu yako kwa jina aje na daftari la ada. Huo ndio mwandiko halisi ulionao, na haupo kwenye nakala nyingine yoyote. Sahihi ya herufi mbili tatu ni ya mtu anayejua kuwa babu yako atamtambua. Sasa ni kazi ya kumtafuta.

Bibi yuko hai, anza naye. Usimuulize "hii sahihi ni ya nani", muulize nani alikuwa anakuja nyumbani kwa mambo ya chama, nani alilala kwenu, babu alikwenda wapi na lile daftari. Mrekodi kwa simu, kisha andika kwenye karatasi nyingine, kwa penseli, tarehe ya mazungumzo, jina la bibi, kasha lilikaa wapi na nani alilifungua. Karatasi hiyo ikae pamoja na waraka siku zote. Daftari lililoliwa na wadudu usilitupe, huenda ndilo hilo linalotajwa, na mle ndani huenda mna sahihi ile ile ya bluu ikithibitisha kupokea fedha. Stakabadhi nazo zitazame moja moja.

Bahasha ya kaki umeitaja mwanzoni kisha ukaiacha. Ina stempu? Ina mhuri wa posta? Mhuri utakupa mji na tarehe, na ukishapata mji, orodha ya waliokuwa makatibu hapo mwaka ule si ndefu. Piga picha mbele na nyuma uiweke hapa.